Sekunde Tatu za Kimya

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumatano, fundi saa alikuwa ameinamia saa ya mezani iliyokufa springi, kilenzi kikiwa kimebanwa kwenye jicho lake la kulia, aliposikia wimbo wa mpwa wake ukitoka kwenye simu ya mteja.

Mteja alikuwa mama muuza maua wa barabara ya pili. Alikuwa ameiweka simu juu ya kaunta na kuimba nayo bila aibu, huku akisubiri saa yake ibadilishwe mkanda. Fundi hakuinua kichwa. Bisibisi yake iligonga meza polepole kufuata wimbo, na nyuma yake saa kubwa ya ukutani ikagonga pia. Bisibisi, saa na wimbo vilikwenda bega kwa bega, pigo kwa pigo, mpaka mwisho. Ndipo alipotoa kilenzi jichoni.

"Mama, wimbo huo umeupata wapi?"

"We fundi, unaishi kisimani? Mji mzima unao! Ni yule binti wanayemwita Shore. Albamu yote, nyimbo kumi, imemwagwa kwenye mtandao bure. Mwanangu kanitumia, jirani kanitumia, hata wifi yangu tusiyesemezana naye kanitumia!"

"Imemwagwa lini?"

"Leo alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Mbona umepauka?"

Fundi alikuwa na sababu ya kupauka. Shore alikuwa mtoto wa marehemu dada yake. Albamu hiyo, iliyoitwa *Pindo*, ilipaswa kutoka Ijumaa, siku mbili baadaye. Yeye mwenyewe, mjomba mtu, hakuwa amepewa hata wimbo mmoja wa kuonja.

Alifunga duka saa moja na dakika arobaini. Kabla ya kutoka alivuta droo na kuchukua saa ya kupimia muda, ile ya makocha wa riadha, yenye kitufe juu. Kando yake ilikuwa saa ya mkono ya fundi mitambo wa studio ya Shore, iliyoletwa kwa mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Ilikuwa ikipoteza sekunde nne kwa siku. Fundi saa alimwambia mwenyewe kwamba kwa saa ya umri ule hilo halikuwa kosa. Mwenyewe akajibu kwamba sekunde nne ni sekunde nne.

* * *

Ofisi ya meneja ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu. Meneja alikuwa dada mkubwa wa Shore, baba mmoja mama mmoja. Mjomba alipofika saa mbili na dakika tano, simu tatu zilikuwa zikilia kwa pamoja na hakuna aliyezipokea. Dada mtu alikuwa amekaa nyuma ya meza, mikono mapajani. Shore alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwa wote. Katikati yao alisimama fundi mitambo, mwanamume mwembamba wa miaka hamsini, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Wanamuziki walimwita Nukta, kwa kuwa kwake hata nukta moja haikupita bila kuhesabiwa.

"Shikamoo, Mjomba," alisema dada mtu.

"Marahaba, mwanangu. Nani amefanya hivi?"

"Muulize huyo," alisema Shore bila kugeuka. "Muulize dada yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, si ndivyo alivyokuwa akisema Mama?"

"Mdogo wangu, nakuapia—"

"Usiniapie. Eleza sekunde tatu."

Mjomba alivuta kiti, akakaa, akatoa daftari lake dogo la kaunta. "Naomba nielezwe mimi, niliyekuja sasa hivi. Sekunde tatu za nini?"

Nukta alikohoa. Alizungumza kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya.

"Mzee, albamu ilikamilika Alhamisi iliyopita. Jioni hiyohiyo nilitoa nakala tatu kwenye flashi, Ijumaa nikazigawa. Moja ya mhakiki wa gazeti, moja ya meneja, moja ya mpiga ngoma, afanye mazoezi ya onyesho. Kila nakala niliiwekea alama ya siri. Kabla ya wimbo wa kwanza kuna kimya. Ya mhakiki ina kimya cha sekunde mbili. Ya mpiga ngoma, sekunde nne. Ya meneja, tatu. Nakala iliyovujishwa leo inaanza kwa kimya cha sekunde tatu. Mimi sisemi kitu. Nahesabu tu."

"Nani mwingine alijua habari ya vimya hivyo?"

"Hakuna. Mimi na ukuta. Alama ikijulikana si alama tena."

Mjomba aliandika: *mimi na ukuta*.

"Na asili yake iko wapi?"

"Kwenye kompyuta ya studio, ambayo haina mtandao. Niliizima Alhamisi saa kumi na mbili jioni na sijaigusa tangu hapo. Ufunguo ninao mimi." Aligonga mfuko wa shati.

"Samahani kwa maswali ya kizee. Mtu mwenye flashi anaweza kuuchezea wimbo? Kutoa gita, tuseme, akabakiza sauti?"

Nukta alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Haiwezekani, mzee. Studio tunarekodi kila kitu mkondo wake: sauti peke yake, gita peke yake, mguu anaopigia ubao peke yake. Kwenye flashi vimeshachanganywa. Sukari ikishakorogwa kwenye chai, nani ataitoa?"

Mjomba aliandika na hilo. Huo ndio uliokuwa utaratibu wake: alimfungua mtu kama anavyofungua saa, skrubu moja baada ya nyingine, na kila skrubu aliiweka mahali pake kabla hajajua kama ina kasoro.

"Mwanangu," alimgeukia meneja, "flashi yako iko wapi?"

Alifungua mkoba na kuiweka mezani. "Haijatoka humu. Naenda nayo mpaka bafuni."

"Mmeisikiliza hiyo iliyovujishwa?"

"Nimesikia vipande tu njiani," alisema dada mtu. "Kila duka linapiga. Simu hizi hazijanipa nafasi."

"Mimi siisikilizi," alisema Shore. Sasa aligeuka, macho yalikuwa mekundu lakini makavu. "Mjomba, mtu akivuliwa nguo hadharani hatafuti kioo. Saa kumi alasiri nawapigia wasambazaji. Nitawaambia mambo mawili. La kwanza, albamu naifuta, haitoki. La pili, meneja wangu simtambui tena, na wala si dada yangu."

Simu zote zilinyamaza kwa wakati mmoja, kana kwamba nazo zimesikia.

"Saa kumi," alisema Mjomba, akitazama saa yake. "Sasa ni saa mbili na dakika kumi na tisa. Nipe hizo saa saba na dakika arobaini na moja. Nazo flashi na simu ya dada yako naziazima."

* * *

Mhakiki alipatikana saa tano kasoro dakika tano, kwenye chumba cha habari kilichojaa vikombe vichafu na watu wanaopiga kelele za furaha. Uhakiki wake ulikuwa umetoka kwenye tovuti ya gazeti saa mbili na nusu na ulikuwa umesomwa kuliko habari za bunge. Mjomba alikuwa ameusoma njiani mara mbili.

"Wewe ni mjomba wake? Hongera, mzee! Ile albamu ni moto! Nimewaambia watu, miaka kumi sijasikia kitu kama kile!"

"Umeandika kwamba uliisikiliza kwa siku nne mfululizo."

"Siku nne, usiku na mchana."

"Na kwamba wimbo wa tatu, 'Kola', una mwendo ulionyooka kama rula, hata saa ya stesheni ingeuonea wivu."

"Maneno mazuri, eh?"

"Mazuri sana. Naomba kuiona flashi uliyoisikiliza siku nne."

Mhakiki alianza kupekua. Alipekua droo ya kwanza, ya pili, akainua rundo la magazeti. Chini yake ilikuwa bahasha ya kahawia yenye mhuri wa studio. Gundi yake haikuwa imebanduliwa hata kidogo. Mjomba aliigeuza mara mbili, akaiinua kwenye mwanga. Flashi ilikuwa ndani, bikira kama ilivyotoka.

"Mzee," mhakiki alinong'ona, akitazama huku na huku, "usiniue. Nilikuwa nitaifungua leo. Leo asubuhi mke wangu kaniamsha na wimbo kwenye simu. Nikaandika palepale kitandani. Mhariri akijua nimehakiki kitu kilichoibwa ilhali halali yangu iko mezani, nimekwisha."

"Basi si mwizi, ni mvivu," alisema Mjomba. "Hilo halijawahi kumfunga mtu. Saa tisa na robo uwe studio, na bahasha hiyo, kama ilivyo."

* * *

Saa sita na nusu Mjomba alikuwa dukani, mlango umefungwa, kibao cha *Tumetoka* kimegeuzwa nje. Barabarani gari lenye vipaza sauti lilipita likipiga "Kola", na watoto wa shule waliliandama wakiruka. Alisubiri lipite. Kisha akaivaa hedifoni na kushika saa ya makocha.

Kwanza alipima kimya. Flashi ya meneja: sekunde tatu. Nakala iliyovujishwa: sekunde tatu. Nukta alikuwa amesema kweli.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini fundi saa hasomi mshale mmoja akajiona amejua saa. Alianza wimbo wa kwanza na kubonyeza kitufe, ukaisha, akabonyeza tena. Aliendelea hivyo kwa nyimbo zote za flashi, kisha akarudia kwa nakala iliyovujishwa. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya saa nzima na alichoka mgongo, lakini ukurasa wa daftari ulikuwa na safu mbili za tarakimu, na hakuna mstari hata mmoja uliolingana. "Kola" kwenye flashi ulidumu dakika nne na sekunde saba. Ule wa mtandaoni ulidumu dakika nne na sekunde mbili.

Aliurudia "Kola" wa flashi, safari hii bila kupima, akiisikiliza saa ya ukutani kwa sikio moja. Shore aliimba na gita, na badala ya ngoma alipiga mguu juu ya ubao. Mguu ulianza taratibu pamoja na saa, halafu ukaiacha. Ulishika kasi, ukakimbia, na karibu na mwisho wa ubeti ukapunguza, ukapunguza, ukageuka kama mtu anayepinda kona, ndipo ukaondoka tena mbio.

Aliujua mwendo ule. Marehemu dada yake alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na sita. Kwenye mshono ulionyooka mguu wake ulikimbia juu ya kanyagio. Kwenye kona ya kola ulipunguza mwendo, sindano igeuke bila kukatika. Mabinti wake wawili walilala na kuamka kwa mlio ule. Na ubao alioupiga Shore studio, kama alivyojua ndugu wote, ulikuwa meza ya cherehani hiyohiyo.

Asubuhi, kwenye simu ya muuza maua, wimbo huohuo ulikuwa umekwenda na saa ya ukutani mpaka mwisho bila kuachana hata mara moja.

Kuna mtu alikuwa ameunyoosha.

Mjomba alifunga daftari. Dada mtu alikuwa amewahi kumsimulia kwamba mpiga ngoma aligombana na Shore mwezi uliopita. Alitaka waweke kile kidude cha kuhesabia mapigo, ngoma isipotee njia. Shore alikataa, akaifuta ngoma kwenye albamu nzima. Na Jumapili mpiga ngoma huyo alikuwa ameandika kwenye ukurasa wake: *Subirini. Kuna mtu ataaibika.*

Aliondoka dukani saa nane kasoro dakika kumi, karibu akimbie.

* * *

Mpiga ngoma waliyemwita Kishindo alikuwa peke yake kwenye ukumbi wa mazoezi, fulana imelowa jasho, vijiti mkononi. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba.

"Uliandika kuna mtu ataaibika. Nani?"

"Mjomba! Timu ya shemeji yangu! Wamefungwa tano bila, hujasikia? Shemeji mpaka leo hajatoka ndani!"

Mjomba hakucheka. "Ulitaka nyimbo zinyooshwe."

"Nilitaka, ndiyo. Nikafukuzwa, nikanuna siku tatu, nikarudi." Alielekeza kijiti kwenye karatasi zilizobandikwa mbele ya ngoma zake. Zilikuwa kumi, moja kwa kila wimbo, zimejaa mishale ya kalamu nyekundu. "Tazama. Hapa anakimbia. Hapa anakata kona. Siku tano najifunza mwendo wa mtu mmoja, kama mkwe anayejifunza tabia za ukweni! Na unajua nini? Nikiunyoosha, unakufa. Nilikosea mimi."

"Umesikiliza iliyovujishwa?"

"Ya nini? Ninayo halali."

Mjomba alimpa hedifoni. Kishindo alisikiliza akitikisa kichwa. Kichwa kikasita. Alifumba macho. Kisha akacheka, kicheko kilichojaa ukumbi.

"Huyu si Shore! Ni nani kamtia Shore gwaride? Subiri, subiri... sikiliza mguu. Ule ubao unalia akiukanyaga ukingoni tu, mara moja moja. Hapa unalia kila pigo, mlio uleule mmoja! Mtu amechukua pigo moja akalipanda kama mahindi, mstari mzima."

"Wewe ungeweza kufanya hivyo?"

"Kwa flashi? Utautoaje mguu humo? Tena sikia, Mjomba, mpiga ngoma hata akinyoosha huacha pumzi kidogo. Hapa hakuna pumzi. Na nyimbo kumi! Kazi hii ni ya wiki nzima, mtu amekaa kitako."

"Unamjua mwingine aliyetaka nyimbo zinyooshwe?"

Kishindo aliacha kucheka. Alivizungusha vijiti vidoleni, mara moja, mara mbili.

"Mimi niliomba mara moja," alisema. "Muulize Nukta yeye aliomba mara ngapi."

* * *

Saa tisa na robo walikuwa studio wote: Shore, dada yake, mhakiki na bahasha yake, Kishindo, na Nukta kwenye kiti chake mbele ya mitambo. Chumba kilikuwa kidogo, kuta zimevikwa sponji nyeusi. Ndugu wale wawili walikaa ncha mbili za kochi moja. Kati yao pangetosha watu watatu. Kwenye kona ulisimama ubao wa cherehani, umeng'arishwa na viganja vya miaka.

"Nitasema mambo ninayoyajua tu," alianza Mjomba. "Fundi, asubuhi uliniambia mambo matatu. Nisahihishe nikikosea. Habari ya vimya ulikuwa ukiijua wewe na ukuta."

"Ndiyo."

"Kompyuta hii hukuigusa tangu Alhamisi, na ufunguo ni wako peke yako."

"Ndiyo."

"Na mwenye flashi hawezi kuutenga mguu na sauti. Sukari na chai."

"Nilisema hivyo. Mzee, tunapoteza muda."

"Muda ndiyo kazi yangu, siupotezi. Piga 'Kola' ya mtandaoni."

Shore alisimama. "Mjomba, nimesema siisikilizi!"

"Sekunde thelathini, mwanangu. Zaidi ya hapo sikuombi."

Spika kubwa ziliamka. Gita likaingia, mguu ukaingia. Shore alikuwa ameshika kitasa cha mlango. Mjomba alitazama mshale: sekunde kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Kitasa kikaachiwa.

"Huyu si mimi," alisema Shore.

"Ni sauti yako," alisema Nukta haraka.

"Sauti ni yangu. Mguu si wangu! Hapa ni kona. Kona iko wapi? Mama alikuwa anapunguza hapa. Nani kaitoa kona ya Mama?"

Dada mtu naye alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Kwa mara ya kwanza siku hiyo macho ya ndugu hao yalikutana.

Mjomba aliweka daftari juu ya mitambo, mbele ya Nukta. "Safu ya kushoto ni flashi ya meneja. Ya kulia ni iliyovujishwa. Hazilingani popote. Kwa hiyo nakala hii haikutoka kwenye flashi yake, wala ya mhakiki, ambayo haijafunguliwa, wala ya mpiga ngoma. Imetoka mahali ambapo mguu bado uko peke yake. Mahali hapo ni hapa tu, na wewe umekalia kiti chake. Kinachobaki ni kile kimya. Wimbo haukutoka kwenye flashi ya meneja, lakini mbele yake pamewekwa kimya cha flashi ya meneja, sekunde tatu kamili. Aliyekiweka alijua kinamaanisha nini. Wewe umesema wanaojua ni wawili. Ukuta sijauhoji."

Kishindo alitoa mluzi. Hakuna aliyemfuata.

Nukta aliitazama safu ya tarakimu kwa muda mrefu. Alinyoosha kidole akaigusa moja, kama anayekagua kazi ya mwanafunzi.

"'Kola' ni nne na sekunde mbili na nusu," alisema.

"Saa yangu haina nusu."

"Yangu inayo." Alivua miwani. "Miaka thelathini niko kwenye kazi hii. Jina langu liko nyuma ya jalada. Mafundi wenzangu wangesikiliza, wangesema mzee Nukta ameziba masikio, ameachia albamu nzima inayumba kama mlevi! Nilimwomba mara sita. Sita! Nikasema basi, meneja ana akili, ataamua yeye. Naye akaniambia mbele ya watu, 'Mwache mdogo wangu ashone anavyoshona.' Watu wakacheka."

"Ndiyo maana ukamtwisha yeye," alisema Mjomba.

"Alhamisi sikuizima kompyuta. Siku sita sikutoka humu. Niliunyoosha kila wimbo, mmoja baada ya mwingine. Mimi sikuiba, niliokoa! Nilijua watu wakiusikia ulionyooka kwanza, wakaupenda, hamtathubutu kuwapa uliopinda. Na hawakuupenda? Tokeni nje muone! Mhakiki, uliandika nini? Kama rula!"

Mhakiki alijikunyata kwenye kiti chake. "Niliandika kitandani," alisema kwa sauti ndogo.

Shore alimfuata Nukta mpaka mbele ya mitambo. Kila mtu alidhani atampiga.

"Fundi, ungeutoa kwa jina lako ukaniachia wangu, ningekusamehe leo hii. Lakini mimi tangu asubuhi nimemkana dada yangu. Nimemkana mbele yako, na wewe umesimama pale na shati lako la pasi, unahesabu!"

Nukta alitoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani taratibu, sambamba kabisa na ukingo wa meza.

Saa kumi kamili Shore alipiga simu kwa wasambazaji, sauti ikisikika chumba kizima.

"Nina mambo mawili," alisema. "La kwanza, *Pindo* inatoka Ijumaa kama ilivyopangwa. Mnayoisikia mitaani si yangu, na Ijumaa mtajua tofauti. La pili..." Alimtazama dada yake. "La pili, mambo mengine yote mwulizeni meneja wangu. Ni dada yangu. Kama bado anakubali kuitwa hivyo."

Dada mtu aliichukua simu kutoka mkononi mwake. "Haloo. Ndiyo, ni mimi. Subirini kidogo, huyu mjinga ananililia begani."

Mhakiki ndiye aliyeipasua bahasha. Aliitoa flashi na kuinyoosha kwa woga. "Naomba niisikilize. Nitaandika upya. Safari hii nimekaa kwenye kiti."

Nukta alikuwa bado kwenye kiti chake, na hakuna mwingine aliyejua vitufe vile. Aliichomeka. Zikapita sekunde mbili za kimya, na akaruka mpaka wimbo wa tatu. "Kola" wa kweli ukajaa chumbani, mguu ukaanza taratibu. Mhakiki alikunja uso, alishika kalamu. Mguu ukashika kasi, kalamu ikasita. Kishindo alikuwa akipiga mapaja yake, akijua kila mshale. Ulipofika kona ya kola, ukapunguza, ukapunguza, na watu wote chumbani wakashusha pumzi pamoja, wakisubiri sindano igeuke. Ikageuka.

"Mungu wangu," alisema mhakiki.

Mjomba hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa ametazama chini ya mitambo, kwenye kiatu cha Nukta kilichong'arishwa. Kiatu kilikuwa kikigonga sakafu. Kwenye kona kilipunguza mwendo pamoja na wengine, na baada ya kona kikaondoka mbio, mbele ya saa zote za dunia. Nukta aliona kwamba ameonwa. Aliushika mguu gotini, kwa mikono miwili. Ulitulia kwa mapigo manne, kisha ukaanza tena.

Wimbo ulipokwisha, Mjomba alivaa kofia yake.

"Saa yako iko tayari dukani," alimwambia. "Bado inapoteza sekunde nne. Sitaigusa tena."